Kabla hujanunua apatimenti ya kishua juu ya nyumba kongwe Tanga mjini, soma hii

Wakuu habari za saa hizi. Hii naiandika kwa ajili ya wale wenye mkwanja kidogo, au wenye ndugu nje mwenye mkwanja, ambao wameona tangazo la apatimenti ya kifahari Tanga mjini, ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani, dari liko juu mpaka shingo inauma ukilitazama, sakafu ya mbao imepigwa vanishi, jiko la wazi, taa za kuning'inia, roshani inaangalia bandari na kisiwa cha Toten kule mbele, na chini ya picha dalali kaandika "haikai hii, wahi". Ni nzuri kweli, mimi mwenyewe nazipenda kuliko haya maghorofa ya vioo, lakini nyumba za namna hii zina mambo yake na ukienda kichwakichwa utajikuta umelipia picha. Nitaeleza jinsi ya kuikagua na kuinunua kwa mpangilio ninaouona unafaa, yaani karatasi kwanza, alafu paa, alafu kuta, roshani mwisho kabisa, japo najua wengi mnaanzia roshani.

Ujue kwanza nyumba zenyewe zimetoka wapi maana hapo ndo matatizo yake yanapotokea. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, mwaka huohuo mkonge ukaletwa nchini, na hela ya mkonge na bandari ndo ilijenga ule mji wa pale karibu na bahari. Kwahiyo utakuta nyumba za aina mbili. Kuna zile kongwe zaidi za enzi ya Mjerumani, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, madirisha marefu, na kuna zile za baadae za wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, za zege, duka chini na familia inakaa juu, zina roshani za mviringo na mwaka umeandikwa kwenye kipaji cha nyumba. Zote mbili mtu anaweza kuzigeuza apatimenti ya kisasa ila zinaugua magonjwa tofauti. Na kwa sasa bei zinapanda maana bandari imepanuliwa, na lile bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani hapo hapo Tanga, wageni wa kazi ni wengi na wanataka sehemu nzuri ya kukaa, dalali naye analijua hilo kuliko wewe.

Haya, karatasi. Hapa naomba msome taratibu.

Swali la kwanza kumuuliza dalali sio bei, ni hii nyumba ya nani. Mwaka 1971 ilipita Sheria ya Kutwaa Majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja za wakati ule zikachukuliwa na serikali zikawa chini ya Msajili wa Majumba, alafu 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Ndo maana mpaka leo ukimuuliza mzee yeyote wa mjini nyumba fulani ya nani anakujibu "hiyo ya Msajili". Sasa angalia hapo, unaweza kuonyeshwa ghorofa safi kabisa, mtu kaweka marumaru, kapiga jipsamu, kaweka AC kila chumba, kumbe ni mpangaji wa Shirika ana mkataba wa pango tu, na anachotaka kwako ni kilemba. Kilemba sio kununua nyumba. Unampa mamilioni yako anakupa funguo, mkataba unabaki kwa jina lake, siku Shirika wakikagua nani anakaa pale wewe hutambuliki popote. Dalali mjanja hatasema kilemba, atasema "anauza haki yake" au "anakuachia". Ukisikia maneno hayo, na ukiona bei iko chini sana kulinganisha na uzuri wa sehemu, nenda mwenyewe ofisi ya NHC ya mkoa ukaulize jengo namba fulani mtaa fulani ni lao au sio lao. Ni kazi ya asubuhi moja.

Ya pili ni wakfu. Tanga ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, na kuna watu waliweka nyumba zao wakfu kwa msikiti, kwa madrasa au kwa ukoo. Nyumba ya wakfu haiuziki kama nyumba nyingine hata kama anayekuuzia ni mjukuu wa aliyeiweka na ana picha ya babu ukutani. Hili usiulize ofisini tu, uliza mtaani. Nenda kakae barazani kwa wazee wa jirani, toa shikamoo, agiza kahawa, sema unafikiria kuhamia mtaa huu na unapenda ile nyumba, alafu nyamaza usikilize. Ndani ya kikombe kimoja utajua ilijengwa na nani, watoto wako wapi, nani hasalimiani na nani na nani ana kesi. Haya mambo hayapo kwenye faili lolote.

Ya tatu ni mirathi, na hii ndo imejaa. Nyumba nyingi za pale ni za marehemu, watoto wako Dar, Mombasa, Uingereza, Canada, na anayeuza ni mmoja wao. Kinachotakiwa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa, sio anayekaa na funguo. Uone barua ya usimamizi, uone jina la msimamizi limeshaingizwa kwenye hati, na uone warithi wengine wamekubali kwa maandishi kwamba iuzwe. Kama anayeuza anatumia hati ya uwakili aliyopewa na ndugu yake wa nje, hakikisha imesajiliwa na hakikisha aliyeitoa bado yuko hai, maana hati ya uwakili inakufa na mwenyewe. Piga simu ya video umuone. Sio ukorofi huo, hela ni zako.

Sasa tuseme nyumba ni ya mtu binafsi na yuko hai na anauza yeye. Bado hujamaliza, kwasababu wewe hununui nyumba, unanunua ghorofa ya juu, na ardhi iko chini kule. Tanzania ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, mtu anapewa haki ya kuitumia kwa miaka kadhaa, 33 au 66 au 99, na hati inakuwa ya kiwanja. Nyumba nyingi kongwe zina hati moja ya kiwanja kizima. Kuuziana ghorofa kwa halali kabisa kunataka hati ya sehemu ya jengo, ile iliyoletwa na sheria ya mwaka 2008, ambapo jengo linachorwa ramani ya sehemu zake, kila sehemu inapata hati yake, na vile vitu vya wote kama ngazi, paa na uwanja vinakuwa mali ya pamoja inayosimamiwa na umoja wa wenye sehemu. Ukikuta apatimenti ina hati hiyo umepata kitu kizuri, unaweza kuiweka rehani benki, unaweza kuiuza kesho bila kumuomba mtu wa chini.

Ila mara nyingi hukuti. Utakuta mwenye nyumba ana hati moja na anakwambia tutaandikishana kwa wakili, wewe juu mimi chini. Hayo maandishi ni makubaliano kati yenu wawili tu, hayakufanyi mmiliki kwenye daftari la Msajili wa Hati, akifa yeye au akikopa benki kwa ile hati yake moja unaanza kuhangaika. Hapo una njia tatu. Ya kwanza mnakubaliana agawe jengo kisheria kwanza apate hati za sehemu ndo ulipe, unaweka kiasi kidogo kwa wakili kama kianzio na kingine kinasubiri. Ya pili jina lako linaingia kwenye hati kama mmiliki mwenza mwenye fungu linalojulikana. Ya tatu sio kununua, ni pango la miaka mingi lililosajiliwa, ambalo kwa baadhi ya watu linatosha kabisa na bei inashuka sana. Mimi ningekuwa na haraka ningechagua ya tatu, ningekuwa na subira ya kwanza. Ya pili naiogopa kidogo kwasababu mkikosana mnakosana mkiwa kwenye hati moja.

Na hata ukiwa na hati ya sehemu, swali linalovunja majirani ni moja, paa analitengeneza nani? Wa chini mwenye fremu ya kuuza vitambaa mvua haimnyeshei, inakunyeshea wewe. Siku mabati yakitakiwa kubadilishwa atakwambia mimi sina shida, tengeneza wewe unayevujiwa. Kwahiyo kabla ya kulipa yaandikwe: nani anachangia paa na kwa fungu gani, nani ngazi, nani rangi ya nje, tangi la maji, shimo la maji machafu, ile nafasi ya kuegesha gari pale nyuma, na nani ana ruhusa ya kupanda juu. Ukiona muuzaji anakwepa kuandika ngazi ni ya nani, basi ngazi ina mwenyewe.

Sachi, yaani upekuzi wa hati, ifanyike ofisi ya ardhi ya mkoa, unatoa namba ya hati unalipia kwa kontroo namba, unapata majibu jina la mmiliki ni nani, kuna rehani ya benki au hamna, kuna mtu kaweka kizuizi au hamna. Usikubali nakala ya sachi aliyofanya dalali, fanya yako, na karibu na siku ya kulipa irudie maana kizuizi kinaweza kuwekwa leo asubuhi. Angalia pia miaka imebaki mingapi, mtu anaweza kukuuzia kwa bei ya miaka 99 kumbe imebaki kumi na kitu. Angalia matumizi yaliyoandikwa, kama hati inasema biashara tu na wewe unataka kulala mle, kubadilisha matumizi kuna mchakato wake. Na kodi ya pango la ardhi, omba stakabadhi, deni la miaka kumi litakuja kwako.

Mke au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla ya kuuza nyumba ya ndoa, na kwa mwenye wake wawili usiulize "mkeo kakubali", uliza wakeo. Asaini wakili akiona.

Kama wewe sio raia wa Tanzania usidanganywe na mtu, mgeni kwa kawaida hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu wake, na kuweka jina la shemeji kwenye hati ni kumpa shemeji nyumba.

Makaratasi yenyewe ya kuhamisha wakili atayajua, fomu namba 29, 30 na 35, ripoti ya mthamini aliyesajiliwa, kisha TRA. Muuzaji mkazi anadaiwa kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida, na kuna ushuru wa stempu kama asilimia 1 ya thamani. Kisheria ya faida ni ya muuzaji, lakini mtaani wauzaji wengi wanakwambia "mimi nataka yangu mkononi, mengine utajua mwenyewe", kwahiyo kabla ya kukubaliana bei mkubaliane nani analipa nini. Na tafadhali msiandike bei ya uongo kwenye mkataba kukwepa kodi, siku ukidai kurudishiwa hela utadai ile ndogo iliyoandikwa. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa nao ni mzuri kwa ujirani mwema ila hauhamishi hati.

Basi, tuingie ndani.

Nenda mara ya kwanza na dalali, mara ya pili nenda na fundi wako mwenyewe asiyejuana na dalali, na kama unaweza nenda wakati wa masika, mwezi wa nne au wa tano, kesho yake baada ya mvua kubwa. Jua linaficha mambo mengi. Ukiingia tu usitazame samani, tazama dari. Madoa ya rangi ya chai, rangi mpya kwenye kona moja tu wakati kwingine imepauka, jipsamu iliyopinda, yote ni paa. Alafu omba ufunguo wa darini. Nimeona wengi wanaambiwa "ufunguo anao fundi yuko Muheza", wanaacha. Usiache, subiri arudi Muheza. Ukipanda angalia mbao kama zina vumbi la unga chini yake, hao ni wadudu, angalia njia za mchwa, angalia mifereji ya paa imeziba au imetoboka kwasababu mfereji mmoja uliotoboka unalowesha ukuta mzima miaka na miaka na hakuna anayejua ni mfereji. Paa likiwa la yale mabamba ya kijivu ya asbesto usiruhusu mtu alitoboe wala kulisugua, vumbi lake ni hatari kwa mapafu, kulitoa kunataka watu wanaojua kazi, na hiyo gharama uiondoe kwenye bei.

Kuta za matumbawe na chokaa zina tabia yake, zinanyonya unyevu na kuutoa, ndo maana zimekaa miaka mia na zaidi. Kinachoziua ni fundi wa sasa anayekuja na plasta ya simenti, skimu juu yake na rangi ya mafuta, ukuta unashindwa kupumua, unyevu na chumvi vinabaki ndani, baada ya masika mbili plasta inavimba na kudondoka, na fundi anaambiwa apige tena simenti nzito zaidi. Gonga ukuta kwa vidole, ukisikia sauti ya uwazi plasta imeshaachana na ukuta. Dawa ni kurudi kwenye chokaa, na kwa Tanga chokaa sio shida, Amboni na Pongwe ni nchi ya mawe ya chokaa, shida ni kupata fundi mwenye subira ya kuilaza chokaa na kuipiga mikono kadhaa. Kuna hii fasheni pia ya kubandua plasta yote ukuta wa mawe ubaki wazi, kwenye picha unapendeza sana, lakini ule ukuta haukujengwa uonekane, ulijengwa upakwe, ukiuacha wazi unamwaga vumbi kila siku na mijusi inapata makazi. Ukitaka sana acha kipande kimoja.

Kwa zile za zege ugonjwa ni kutu. Simama barabarani utazame roshani kwa chini. Nyufa zilizonyooka kufuata nondo, michirizi ya rangi ya kutu, vipande vya zege vimemeguka chuma kinaonekana, hiyo ni hewa ya bahari imefika kwenye nondo, na nondo ikishika kutu inavimba na kupasua zege. Kama enzi zile walichanganya mchanga wa pwani wenye chumvi ndo balaa zaidi. Kupaka simenti juu sio matibabu. Roshani ya hivo usiweke viti vya wageni mpaka mhandisi aseme, na usijali muuzaji akikwambia walishacheza harusi pale watu thelathini.

Sasa ile sehemu kubwa ya wazi inayokuvutia, sebule na jiko na chumba vyote kitu kimoja. Hiyo ndo ya kuogopa kuliko vyote. Kwenye nyumba kongwe vyumba ni vyembamba kwa sababu, boriti za mikoko zina urefu wa kama mita tatu hivi, basi kila baada ya hapo kuna ukuta unaozibeba. Mtu akiutoa ule ukuta apate ukumbi, kitu gani kinabeba boriti sasa? Muulize, akuonyeshe bimu ilipowekwa, akuonyeshe mchoro wenye saini ya mhandisi aliyesajiliwa, akuonyeshe kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji. Akijibu "fundi alisema haina shida", tembea kando ya ukuta huku mwenzio anarukaruka katikati ya sakafu. Glasi zikilia kabatini umeshapata jibu.

Maji. Tanga maji sio shida kama miji mingine, ila swali ni presha ya kufika juu. Fungua bomba la juu saa kumi na mbili asubuhi wakati mji mzima unaoga. Watakuwa na simtanki juu, sasa kumbuka lita elfu mbili ni tani mbili, hazikai popote tu kwenye slabu ya mwaka 1938, zikae juu ya ukuta mnene au zikae chini na pampu. Uliza maji machafu yanakwenda wapi, kwenye bomba la mji au shimo la nyuma, na shimo likijaa gari la kunyonya linapitia wapi.

Umeme uwe na mita yako ya LUKU, sio kuchangia na fremu ya chini. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwahiyo mita ya kuchangia inaleta ugomvi hata kwenye kodi. Waya za zamani zibadilishwe zote kabla hujafunga AC tatu.

Na moto. Chini yako kuna nini? Stoo ya magodoro, mitungi ya gesi, rangi na tina? Na ngazi yako ni moja, ya mbao, inapita pembeni ya hiyo stoo? Mimi apatimenti ya hivo sinunui hata kwa nusu bei mpaka kuwe na njia ya pili ya kushuka.

Uzee wa jengo una sheria yake pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ya Tanga mengi ni ya baada ya hapo kwahiyo yanalindwa pale tu yakitangazwa kwenye gazeti la serikali, ulizia kama lako limo kabla hujapanga kubadilisha sura ya nje. Ila mlango wa kuchonga wa zamani, ule na miimo yake, kama ni wa kabla ya 1940 sheria hiyohiyo inaulinda, kwahiyo dalali akikwambia "ule mlango mwenyewe ataung'oa aupeleke kwa mteja wake" ujue hilo halifanywi kiholela, na kwenye mkataba andika mlango unabaki. Ukitaka kuona nyumba ya Mjerumani ikitunzwa inakuwaje, pale boma la zamani kuna makumbusho ya Urithi, kaangalie walivyoacha madirisha na mbao zake, utapata akili ya kuongea na fundi.

Kuhusu kukaa pale, usiwe wa waja leo waondoka leo. Lala mjini usiku kadhaa karibu na mtaa huo. Bahari kwa pale mjini iko kaskazini, kwahiyo kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, upepo unaingia moja kwa moja kwenye roshani, kipindi cha kusi unatokea nyuma na kama madirisha ya nyuma yamezibwa na nyumba ya jirani utaishi kwa feni. Ingia saa nane mchana jua kali usimame chini ya mabati. Ile mashata ya zamani ya mbao yenye vibao inaingiza hewa na kukata jua, aliyeitoa akaweka vioo vya aluminiamu kakuachia bili ya umeme. Usiku sikiliza jenereta, sikiliza baa, adhana ya alfajiri ukiwa jirani na msikiti itakuamsha na huo ndo mji wenyewe, ukitaka kimya nenda Raskazone. Pima ngazi kabla ya kununua sofa, watu wanapandisha makochi kwa kamba kupitia roshani.

Bei. Usipige hesabu kwa uzuri, piga kwa kazi iliyobaki. Fundi wako akuandikie paa shilingi ngapi, waya ngapi, plasta ngapi, mhandisi ngapi, hiyo karatasi unaiweka mezani mbele ya muuzaji bila maneno mengi. Tanga watu ni waungwana, ukipandisha sauti umeharibu, ukikaa ukanywa chai ukasema "mzee wangu, nyumba ni nzuri ila hii karatasi ndo inanitisha", mnafika. Dalali mkubaliane naye kamisheni mapema na ajue analipwa hati ikishahama, sio siku ya kuoneshwa.

Malipo yapitie benki, kwa mafungu: kianzio siku ya kusaini, fungu kubwa maombi ya uhamisho yakipita, na bakishia kiasi cha kuuma mpaka jina lako litoke kwenye hati. Siku ya makabidhiano piga picha mita ya LUKU na ya maji, maana deni la maji linafuata nyumba, hamisha majina kote wiki hiyohiyo, badilisha vitasa, na hesabu funguo zote mbele yake ukiwemo ule wa darini.